Darasa la Vita vya Biafra Mjini Moshi: Mafunzo ya Kina Yanayoipita Asaba Haraka Mno

Mjini Moshi, katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu vilivyotumika eneo la Kiusa, kuna darasa la Jumamosi alasiri linalofundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vile vilivyopiganwa tangu Julai 1967 hadi Januari 1970 na ambavyo wengi wetu tunavijua kwa jina la Biafra. Nimelihudhuria hadi mwisho wa mfululizo, na ninaandika tathmini hii kwa sababu sijapata kuona mahali pengine hapa Kilimanjaro ambapo mtu mzima asiye mwanachuo anaweza kufundishwa kwa Kiswahili, kwa utaratibu na kwa kutumia ramani, jinsi vita vya nchi ya Kiafrika vilivyoendeshwa, nani waliviongoza na kwa nini vilimalizika namna ile. Ni darasa zuri. Lina pia upungufu mmoja mkubwa, kuhusu mauaji ya raia wa mji wa Asaba, ambao mwendeshaji wake anapaswa kuurekebisha kabla ya kuanza mzunguko mwingine, na nitaueleza kwa kirefu mahali pake.

Ada ni shilingi 40,000 kwa Jumamosi zote nne, na wanafunzi wa sekondari hulipa nusu. Kipindi huanza saa nane mchana na kumalizika saa kumi na moja, kukiwa na mapumziko mafupi ya chai ya tangawizi na maandazi ambayo yamo ndani ya ada. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa historia ambaye amesomesha shule za Kilimanjaro na Arusha kwa miaka mingi, na inaonekana wazi kwamba hajaacha kusoma tangu astaafu. Chumba ni kidogo, kina joto mchana, na anayechelewa hulazimika kusimama ukutani.

Kinacholitofautisha darasa hili na mhadhara wa kawaida ni meza ya mchanga iliyo katikati ya chumba. Mwalimu ameitengeneza mwenyewe kwa mbao na mchanga wa mtoni uliochekechwa, akauinua upande wa Enugu na Nsukka ambako kuna vilima, akaushusha upande wa kusini ambako mito hugawanyika kuelekea baharini. Mto Niger na mto Benue ni nyuzi za kufumia za rangi ya bluu. Barabara ni kamba za katani, daraja la kati ya Asaba na Onitsha ni kipande cha bati chenye upana wa vidole viwili, na divisheni za majeshi ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, kijani kwa Jeshi la Shirikisho, yaani la serikali ya Nigeria, na nyekundu kwa Biafra, upande wa mashariki uliojitenga. Kila kikosi kinaposonga, mwalimu humwita mmoja wa wanafunzi akisogeze kwa mkono wake, na kila barabara inapokatwa kamba huondolewa mezani. Hadi Jumamosi ya mwisho vizibo vyekundu vinakuwa vimebanwa katika kipande cha mchanga unachoweza kukifunika kwa viganja viwili, na hakuna maelezo ya mdomo ambayo yangeweza kunionyesha hali ya Biafra ya mwishoni mwa 1969 kwa uwazi wa namna hiyo.

Kipindi cha kwanza hakina mapigano. Mwalimu hueleza mapinduzi ya Januari 15, 1966 ambayo Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na Waziri Kiongozi wa Kaskazini Ahmadu Bello waliuawa, kisha mapinduzi ya Julai 29 mwaka huohuo ambayo Jenerali Aguiyi-Ironsi, aliyeshika nchi baada ya yale ya Januari, aliuawa na Yakubu Gowon akashika madaraka, na baina ya hayo na baada yake, mauaji ya maelfu ya Waigbo, kabila kubwa la Mashariki, waliokuwa wakiishi Kaskazini. Anapitia mkutano wa Aburi nchini Ghana wa Januari 1967, ambao kila upande ulirudi nyumbani na tafsiri yake ya yale yaliyokubaliwa, na uamuzi wa Gowon wa Mei 27 wa kuigawa nchi katika majimbo 12, uamuzi uliowaacha Waigbo bila bandari na bila sehemu kubwa ya mafuta. Siku tatu baadaye, Mei 30, Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, alitangaza Jamhuri ya Biafra.

Hapo ndipo mwalimu hugawa kadi za makamanda, na kwangu hicho ndicho kifaa bora cha darasa baada ya meza. Kila kadi ina jina, kabila, na umri wa kamanda wakati risasi za kwanza zilipolia Julai 6, 1967. Gowon alikuwa na miaka 32. Ojukwu alikuwa na 33, Benjamin Adekunle 31, Murtala Muhammed 28. Hawa walikuwa maofisa wa jeshi moja, waliofahamiana, na baadhi yao walikuwa marafiki wa kweli. Kadi zinaonyesha pia jambo ambalo masimulizi ya kawaida hulipita, kwamba upande wa Biafra haukuwa wa Waigbo peke yao: Victor Banjo, aliyeongoza operesheni yake kubwa ya kwanza, alikuwa Myoruba, na Philip Effiong, msaidizi mkuu wa Ojukwu, hakuwa Mwigbo. Chukwuma Nzeogwu, kiongozi maarufu wa mapinduzi ya Januari, aliuawa karibu na Nsukka mwishoni mwa Julai 1967 akipigana upande wa Biafra, na serikali ya Shirikisho ikamzika Kaduna kwa heshima za kijeshi. Mwanafunzi anayetoka na kadi hizo kichwani hawezi tena kuyaeleza mambo haya kama ugomvi wa makabila mawili tu.

Mapigano yenyewe huanza kipindi cha pili. Gowon aliyaita operesheni ya kipolisi, akitarajia yamalizike mapema, na Divisheni ya Kwanza chini ya Mohammed Shuwa ikashuka kutoka kaskazini na kuiteka Nsukka katikati ya Julai. Kabla mwezi haujaisha, vikosi vya Adekunle vikatua Bonny kutoka baharini, na mlango wa Biafra wa kusafirishia mafuta ukafungwa. Kisha Agosti 9 Biafra ilifanya jambo ambalo hakuna mtu Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, aliyelitarajia: kikosi cha Banjo kilivuka daraja la Niger kuelekea magharibi, kikauteka mji wa Benin siku hiyohiyo, na kuendelea hadi Ore, kwenye barabara ya kuelekea Ibadan na Lagos. Hapo kikasimama. Mwalimu hutumia karibu saa nzima kujadili kusimama huko, na anafanya vyema, kwa sababu katika siku hizo Jeshi la Shirikisho lilikuwa bado linakusanya askari wa kuilinda njia ya mji mkuu, na kila siku ya kusita iliwapa nafasi ya kujipanga. Septemba 20 Benin ilirudi mikononi mwa Shirikisho, na mwezi huohuo Ojukwu akamhukumu Banjo na wenzake watatu kwa uhaini na kuwapiga risasi. Oktoba 4 Enugu, mji mkuu wa Biafra, ikaanguka.

Sehemu iliyofundishwa kwa ustadi kuliko zote ni ile ya kuvuka Niger. Majeshi ya Biafra yaliporudi nyuma yalilivunja daraja la Onitsha, na Murtala Muhammed, kamanda wa Divisheni ya Pili, akafika Asaba akiwa na mto mpana mbele yake na mji mkubwa wa biashara ng'ambo. Makao makuu ya jeshi yalimshauri avuke juu zaidi, Idah, ambako ng'ambo ilikuwa tayari mikononi mwa wenzake. Yeye akaamua kuvuka palepale kwa boti. Jaribio la kwanza liliwafikisha askari wake Onitsha, ambako walishughulika na kupora mji badala ya kujiimarisha ufukweni, wakashambuliwa na kutupwa mtoni. Akarudia, akashindwa tena, na tena.

Msichana mmoja wa kidato cha sita aliyekuwa ameshika vizibo vya kijani aliuliza, "Mwalimu, kama aliambiwa avuke Idah, kwa nini hakuadhibiwa?" Mwalimu akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, mwanajeshi mstaafu aliyepigana vita vya Kagera, na kumwomba ajibu yeye. Mzee alisimama, akatazama mezani kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, serikali iliyoingia kwa nguvu ya maofisa haina uwezo wa kumwadhibu ofisa anayependwa na askari wake. Lakini mimi ningeuliza jingine. Wale waliofika ng'ambo, risasi za siku ya pili na chakula cha siku ya pili vilikuwa vinawafuata kwa boti gani?" Mwalimu alikubali kwamba swali hilo ndilo kiini cha kushindwa kwenyewe, na akatumia muda uliobaki kuonyesha mezani kuwa boti zilizopeleka askari ndizo zilizotarajiwa kurudi kuchukua vifaa, chini ya mizinga, katika mto usio na daraja. Darasa ambalo mwalimu wake yuko tayari kumwachia mwanafunzi mwenye uzoefu nafasi ya kufundisha ni darasa la kuaminika.

Mwishowe Murtala alizunguka kupitia kaskazini kama alivyoshauriwa mwanzoni, na Onitsha ikatekwa kwa njia ya nchi kavu Machi 1968. Siku chache baadaye, Machi 31, msafara wa magari takriban 100 uliokuwa ukiifuata barabara ya Enugu kwenda Onitsha ukaviziwa Abagana na kikosi kidogo cha Biafra chini ya Meja Jonathan Uchendu. Gari la mafuta lilipigwa, moto ukaenea kwa yaliyolizunguka, na karibu msafara wote ukateketea. Mezani tuliona barabara yenyewe: nyembamba, kichaka pande zote mbili, hakuna mahali pa lori kugeuza. Murtala hakuendelea kuiongoza Divisheni ya Pili kwa muda mrefu baada ya hapo, ingawa miaka saba baadaye alikuwa mkuu wa nchi.

Sasa ninafika kwenye upungufu niliousema. Mwanzoni mwa Oktoba 1967, kabla ya jaribio la kwanza la kuvuka mto, askari wa Divisheni hiyohiyo ya Pili waliwaua mamia ya wanaume na wavulana wa Asaba. Wengi wa watu hao walikuwa wametoka barabarani wakiwa wamevaa mavazi meupe ya heshima, wakicheza ngoma na kuimba kuunga mkono Nigeria moja, kwa matumaini kwamba askari wangeona kuwa mji hauna uadui. Wanaume walitengwa na wanawake, wakapelekwa uwanjani na kupigwa risasi. Darasa linalotumia karibu kipindi kizima kuchambua boti za Murtala lilitumia sentensi mbili kwa tukio hili, kisha likaendelea na urefu wa daraja. Nilipouliza, mwalimu alijibu kwa upole kwamba mada ya mfululizo ni mapigano na makamanda, na kwamba mauaji ya raia yangehitaji mfululizo wake.

Simkubalii. Kamanda hupimwa kwa nidhamu ya askari wake kama anavyopimwa kwa miji aliyoiteka, na askari walioachwa waue na kupora Asaba ndio walioshindwa kuushika ufukwe wa Onitsha siku chache baadaye kwa sababu ya uporaji uleule. Mambo haya mawili ni mada moja hata kwa mtu asiyetaka kuzungumzia chochote isipokuwa ufundi wa vita. Zaidi ya hilo, tuko Moshi, mwendo mfupi wa gari kutoka Arusha, mji ambao kwa miaka mingi mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwahukumu wakuu wa jeshi na wa serikali ya Rwanda kwa yaliyowapata raia. Wanafunzi wa hapa wana haki ya kufundishwa kwamba uongozi wa kijeshi unabeba dhamana hiyo, na meza ya mchanga ilikuwa na nafasi ya kutosha kuiweka Asaba kama mji wenye watu, badala ya alama ya mahali boti zilipoanzia.

Mapigano ya kusini yanasimuliwa vizuri zaidi, kwa sababu mwalimu anamfahamu Adekunle kwa undani na hafichi pande zake zote mbili. Huyu ndiye aliyepewa jina la Nge Mweusi, kamanda wa Divisheni ya Tatu ya makomando wa majini, aliyeichukua Calabar Oktoba 1967 na Port Harcourt Mei 1968, akaifungia Biafra njia ya bahari kabisa. Septemba 1968 aliingia Aba na Owerri. Kisha akavuta kamba kupita urefu wake: askari wake waliokuwa Owerri walizingirwa kwa miezi mingi, na Aprili 1969 wakalazimika kuuacha mji. Mwezi uliofuata Adekunle aliondolewa na nafasi yake ikashikwa na Olusegun Obasanjo, ofisa wa uhandisi ambaye hakuwa na sifa kubwa ya mapigano, lakini aliyeanza kwa kupanga upya ugavi na nidhamu kabla ya kusogeza kikosi chochote.

Kuhusu njaa, darasa linajitahidi kiasi. Kamba nyeusi iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli inawakilisha kiwanja cha Uli, kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa ili ndege zitue usiku bila taa isipokuwa kwa dakika chache, zikileta chakula na dawa kutoka São Tomé na kwingineko, na pia silaha. Mwalimu anaeleza jinsi ndege ya Msalaba Mwekundu ilivyoangushwa Juni 1969 na jinsi makadirio ya waliokufa, wengi wao watoto waliokosa chakula, yanavyotofautiana kutoka laki tano hadi milioni kadhaa. Maelezo haya ni sahihi, na ningependa yaje mapema, katika kipindi cha pili, mara tu Bonny inapofungwa, kwa kuwa hapo ndipo njaa ilipoanza kutengenezwa.

Kijitabu kinachouzwa shilingi 5,000 zaidi kinahitaji mkono wa mhariri. Nakala yangu ilikuwa na kurasa zilizofifia kiasi kwamba ramani ya Calabar haisomeki, na jedwali lake la tarehe linadai kuwa Biafra iliikomboa Owerri kwanza ndipo ikapoteza Umuahia. Mambo yalikuwa kinyume chake: Umuahia, uliokuwa mji mkuu wakati huo, ulianguka Aprili 22, 1969, na Owerri ikarudi mikononi mwa Biafra Aprili 25. Tofauti ni ya siku tatu, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini serikali ya Ojukwu ilipata mahali pa kuhamia na vita vikaendelea kwa miezi mingine minane. Darasani mwalimu alilisema sawasawa. Ni kijitabu tu kilichokosea, na kinarekebishika kwa jioni moja ya kazi.

Kipindi cha mwisho kinaanza na Tanzania. Aprili 13, 1968 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra, ikifuatwa na Gabon, Ivory Coast na Zambia mwezi uliofuata, kisha Haiti mwaka 1969. Uamuzi huo ulitoka kwa Mwalimu Nyerere, kiongozi aliyekuwa ameunganisha nchi mbili miaka minne tu kabla yake, na hoja yake ilikuwa kwamba umoja hauwezi kushikiliwa kwa nguvu juu ya watu ambao dola imeshindwa kuwahakikishia uhai wao. Mjadala ulikuwa mkali na wa heshima. Kijana mmoja alisema uamuzi ule uliwapa Wabiafra matumaini yaliyorefusha mateso. Mama mmoja anayefanya biashara ya mitumba Soko la Memorial alimjibu kwamba kunyamaza nako kungekuwa kuchagua upande. Mwalimu, ambaye kwa umri wake anaikumbuka hotuba ya redio ya wakati ule, alimtetea Nyerere moja kwa moja na kuufunga mjadala mapema kuliko ilivyostahili. Ningependa awape wanafunzi hoja za upande wa Gowon kwa ukamilifu uleule, hasa hofu ya nchi nyingi za Afrika kwamba mpaka mmoja ukivunjwa mingine ingefuata.

Kuanguka kwenyewe kulichukua nusu saa tu, na ilitosha. Mwishoni mwa Desemba 1969 vikosi vya Obasanjo vilikutana na Divisheni ya Kwanza Umuahia na kuikata Biafra vipande viwili, na Januari 7, 1970 mashambulizi ya mwisho yakaanza. Owerri ikaanguka, Ojukwu akapanda ndege kwenda Ivory Coast, Uli ikatekwa, na Effiong akabaki kutangaza redioni kwamba mapigano yamekwisha. Januari 15 alitia saini Lagos mbele ya Gowon, aliyesema kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Kwa ombi la mwalimu, mwanafunzi mmoja alikusanya vizibo vyekundu vyote na kuvipanga pamoja na vya kijani, na tukajadili ni yapi katika ahadi hizo za maridhiano yaliyotekelezwa na ni yapi, kama fidia ya akiba za Waigbo benki, yaliyowaacha watu na paundi 20 tu bila kujali walikuwa wameweka kiasi gani.

Ninalipendekeza darasa hili kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, kwa walimu wa historia wa Moshi, Hai na Arusha wanaotafuta namna ya kufundisha kwa vifaa vya bei nafuu, na kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi jeshi moja linavyogawanyika. Watoto wa chini ya miaka 14 wasipelekwe. Nafasi hujazwa mapema, kwa hiyo ni vyema kupita dukani siku za kazi na kulipa ada yote kwa pamoja, ukakataa kijitabu hadi toleo lililosahihishwa litoke. Mfululizo unaofuata umetangazwa kuwa wa vita vya Kongo vya miaka ya 1960, Katanga ikiwa mada ya kwanza, na nimekwisha kujiandikisha kwa sharti nililomweleza mwalimu waziwazi: raia wawekwe mezani tangu kipindi cha kwanza. Amesema atafanya hivyo.